Pampu ya nguvu farasi moja kwa chujio la milimita 400: inafaa kwa bwawa la nyumbani?

Baba Mapacha (Golf, Lubumbashi)

Ndugu zangu, ninaomba ushauri kabla sijatoa fedha. Nyumbani tuna bwawa la kuogelea la kusimamishwa juu ya ardhi, la duara, lenye kipenyo cha mita 4.57 na ukuta wa mita 1.22, ambalo maji yake tunayaacha yafikie kimo cha mita 1.05 hivi. Lilikuja na kipampu chenye chujio la karatasi, kilichoandikwa galoni 1,000 kwa saa. Wakati wa mvua kilijitahidi. Tangu kiangazi kianze na vumbi jekundu lianze kutua juu ya maji kila alasiri, karatasi inaziba kabla ya jua kuzama, na maji yanabaki na rangi ya chai ya maziwa.

Nimepata tangi la chujio la mchanga lililokwisha kutumika, ambalo bado ni zima, lenye kipenyo cha milimita 400 na vali ya njia sita juu yake (ile ya kuchagua maji yachujwe, yaoshe mchanga au yatoke nje), ila kibandiko chake cha maelezo kimefutika. Muuzaji wa vifaa anasisitiza nichukue pampu ya nguvu farasi moja, kwa hoja kwamba itasafisha maji kwa nusu ya muda, nami umeme ninaupata kwa saa chache tu. Ipo nyingine ndogo, ya kilowati 0.45, iliyopitia mpakani Kasumbalesa kutoka Afrika Kusini, ambayo kibandiko chake kinasema kiasi cha juu ni mita za ujazo 11 kwa saa na kimo cha juu ni mita 11. Bei zao hazipishani sana. Nichukue ipi, na je, tangi hili linatosha kwa bwawa langu?

Fundi wa Kampemba

Baba Mapacha, salamu. Muuzaji wako ameanzia mwisho. Mtu huanza na maji, akaenda kwenye chujio, na pampu ndiyo anayoichagua baada ya hayo yote.

Maji yako tuyahesabu. Nusu ya kipenyo ni mita 2.285, ukiizidisha kwa yenyewe, kisha kwa 3.14, unapata eneo la mita za mraba 16.4, na ukizidisha kwa kimo cha mita 1.05 unapata mita za ujazo 17.2, yaani lita 17,200. Bwawa la nyumbani la ukubwa huu, linalochezewa na watoto, linafaa kupitisha kiasi hicho chote katika chujio ndani ya saa 4 hadi 6. Ukichagua saa 4, unahitaji mita za ujazo 4.3 kwa saa. Hiyo ndiyo namba ya kuingia nayo dukani. Nguvu farasi hazikuambii ni maji kiasi gani yatakayopita kwenye mchanga.

Sasa chujio. Kinachoamua uwezo wake ni eneo la uso wa mchanga, si kimo cha tangi wala unene wa plastiki. Tangi la milimita 400 lina uso wa mita za mraba 0.126. Mchanga hushika uchafu vizuri maji yakishuka ndani yake kwa mwendo wa mita 30 hadi 40 kwa saa, na mita 50 kwa saa ndio mpaka unaofuatwa kwa kawaida katika machujio ya nyumbani. Zidisha 0.126 kwa 50, upate 6.3. Kwa hiyo kibandiko kilichofutika, kama kingalisomeka, kingalisema mita za ujazo 6 kwa saa au karibu na hapo. Kwa mahitaji yako ya 4.3, tangi linatosha na linabakisha nafasi.

Pampu ya kawaida ya nguvu farasi moja husukuma mita za ujazo 14 au 15 kwa saa dhidi ya kimo cha mita 10, yaani kizuizi kilicho sawa na kupandisha maji mita 10 juu. Hata tukisema mipira yako myembamba ya kupitishia maji na vali zitaibana mpaka ishuke kwenye 9, bado maji yatapita kwenye mchanga kwa mwendo wa mita 71 kwa saa. Kwa mwendo huo maji huchimba njia yake katikati ya mchanga na kupitia humo humo, huku mchanga wa pembeni ukikaa bure. Vumbi laini kama letu litaingia upande mmoja na kutokea upande wa pili. Utaona maji yakirudi bwawani kwa kishindo, utafurahi, na rangi itabaki ile ile. Isitoshe, tangi limezeeka na hujui lilitengenezwa kuhimili shinikizo gani. Kifuniko cha vali kilichoshikwa na mkanda, mkanda ukiachia, kinaruka na kumpiga aliyesimama karibu.

Kuhusu ile ya kilowati 0.45, uelewe jinsi kibandiko kinavyosomwa. Mita za ujazo 11 ni pale ambapo hakuna kinachozuia maji hata kidogo. Kimo cha mita 11 ni pale ambapo maji yamezuiwa kabisa na hayatembei. Namba hizo mbili hazikutani kamwe. Chujio safi, vali ya njia sita na mipira yako vikijumlishwa hufanya kizuizi cha mita 6 hadi 8 hivi, na hapo pampu ya namna hiyo hutoa mita za ujazo kati ya 5.5 na 7. Mwombe muuzaji mchoro wa pampu, ule wenye mstari unaopinda, uhakikishe. Ikizidi 6.3, funga vali kidogo kwenye mpira unaorudisha maji bwawani. Usifunge upande wa kuvuta, kwa sababu pampu ikinyimwa maji huanza kulia kama iliyojaa kokoto, na feni yake ya ndani huliwa.

Mzee wa Kamalondo

Fundi, hesabu zako sizipingi, lakini umezifanya kana kwamba umeme upo mchana kutwa. Mimi kwangu unakuja usiku, unakaa saa nne au tano, kisha unaondoka bila kuaga. Mtu wa hali hiyo anahitaji maji mengi yapite katika muda mfupi, kwa hiyo muuzaji hakukosea sana. Kwa nini asinunue hiyo pampu kubwa, kisha akatafuta na tangi kubwa?

Fundi wa Kampemba

Mzee, hoja yako ina uzito, na ndiyo maana nilihesabu kwa saa 4 wala si kwa saa 8. Tuifuate basi mpaka mwisho wake. Mita za ujazo 14 kwa saa, kwa mwendo wa mita 50, zinadai tangi la milimita 600. Tangi hilo lina mchanga mara kadhaa ya huu wake, na bei yake ni nyingine kabisa. Halafu maji hayo yote yatapita wapi? Matundu ya bwawa lake, kama mabwawa mengi ya aina hii, ni ya mpira wa milimita 38. Mita za ujazo 14 katika mpira huo zinakimbia kwa mita 3.4 kwa sekunde, ilhali tunatakiwa tubaki kwenye mita 1.5, au 2 tukilazimika. Itabidi atoboe ukuta upya na kuweka bomba la milimita 50, na ukuta wa turubai si kitu cha kutoboa kwa kujaribu jaribu.

Upo pia upande wa pili ambao watu huusahau. Tangi kubwa kwa pampu ndogo ni jambo jema wakati wa kuchuja, lakini siku ya kuosha mchanga, maji yanapogeuzwa yapande kutoka chini, yanatakiwa yawe na nguvu ya kuunyanyua mchanga wote na kuutikisa. Hilo linahitaji mwendo wa mita 37 kwa saa au zaidi. Kwa tangi la 400 ni mita za ujazo 4.7 kwa saa, ambazo pampu ya kilowati 0.45 inazitoa. Kwa tangi la 500 ni 7.3, na hapo pampu hiyo hiyo tayari inapungukiwa. Kwa 600 ni 10.5. Mtu aliyenunua tangi kubwa akabaki na pampu ndogo ataona mchanga unajaa mafuta ya ngozi na vumbi, unashikana mabonge, na kila akiosha yanatoka maji machafu kidogo tu. Kwa hiyo chujio lina dari na lina sakafu, na pampu inapaswa kukaa katikati. Kwa tangi la Baba Mapacha, katikati hapo ni kutoka 4.7 hadi 6.3.

Na saa nne za umeme si chache hivyo. Maji yaliyochujwa hurudi na kuchanganyika na yasiyochujwa, kwa hiyo kiasi cha bwawa zima kikishapita mara moja kwenye chujio, ni kama asilimia 63 tu ya maji iliyopitia kweli. Mara mbili, asilimia 86. Mara tatu, 95. Hesabu hii haijali kama saa hizo zilifuatana au ziligawanyika, mbili alfajiri na mbili usiku. Akipata mita za ujazo 5.5 kwa saa, saa sita na robo zinampa mizunguko miwili, na siku ambayo umeme umekatika mapema atakuwa na mmoja na nusu. Maji hayataharibika kwa hilo, mradi dawa ipo.

Mwana Ruashi

Mniwie radhi kuingilia. Shemeji yangu aliye Marekani ananitumia pampu ya bwawa, ya volti 115 na hezi 60. Nikinunua transfoma ya kushusha 220 iwe 110, hesabu za Fundi zitabaki zile zile?

Fundi wa Kampemba

Hazitabaki, ndugu yangu. Transfoma hubadilisha volti, haibadilishi hezi. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo mota hiyo itazunguka kwa sehemu tano kati ya sita za mwendo wake. Maji yatapungua kuwa asilimia 83, na kimo kitashuka mpaka asilimia 69, kwa kuwa chenyewe hufuata mraba wa mwendo. Kadiri hiyo ungaliweza kuivumilia. Tatizo ni kwamba mota iliyotengenezwa kwa hezi 60 peke yake, ikilishwa 50 kwa volti ile ile, hupata joto kupita kiasi. Kama kibandiko hakikuandikwa 50/60, mwambie shemeji asitume.

Mama Bel-Air

Baba Mapacha, nami nichangie mawili ambayo hayako kwenye hesabu ya Fundi, ingawa yanazigusa hesabu zenyewe.

La kwanza ni watoto. Bwawa lako lina tundu moja la kuvuta maji, kama langu. Pampu inapokuwa kubwa kuliko tundu, mvuto wake hushika nywele, au mkono wa mtoto anayelichezea, na mtoto hana nguvu ya kujichomoa. Hata ukibaki na pampu ndogo, kagua wavu wa tundu hilo, na kama umevunjika usiwashe pampu wakati watoto wako majini. Umeme wa pampu upite kwenye swichi ya kinga inayokata ukivuja miliampia 30, na waya wa ardhi uwe wa kweli, umeshuka ardhini, si ule uliokunjwa ukafichwa ndani ya boksi.

La pili ni vumbi lenyewe. Mchanga ulio safi hushika chembe za mikroni 20 hadi 40 hivi, na sehemu ya vumbi letu jekundu ni laini kuliko hapo. Chujio ulipe ukubwa wowote, sehemu hiyo itapita. Mimi wakati wa kiangazi ninatumia dawa ya kugandisha. Ninaimwaga jioni, ninazungusha maji kwa muda mfupi nikiwa nimeweka vali kwenye njia isiyopitia mchanga, kisha ninazima mpaka asubuhi. Vumbi linakuwa limelala chini kama blanketi. Hapo ninalivuta taratibu kwa brashi ya kufyonza, vali ikiwa kwenye njia ya kutoa maji nje moja kwa moja, kwa sababu ukilipitisha kwenye mchanga unauziba kwa dakika chache. Maji yanapungua, ni kweli, nayo hapa tunayanunua au tunayangoja, ila ni nafuu kuliko kumwaga bwawa zima. Na turubai la kufunika juu linazuia vumbi kuliko pampu zote mlizozitaja.

Maji yakigeuka kijani, hilo ni suala la klorini na pH. Usije ukanunua pampu kwa sababu hiyo.

Baba Mapacha (Golf, Lubumbashi)

Ninawashukuru nyote kwa dhati. Nimechukua ile ya kilowati 0.45, na muuzaji alinipa mchoro wake baada ya kuutafuta sana chini ya meza. Nimeifunga kwa mipira ya milimita 38. Kwa kuwa sina kifaa cha kupima maji, nilichukua ndoo ya lita 20, nikautoa mpira wa kurudishia nje ya ukuta, mdomo wake nikauweka sawa na uso wa maji ya bwawa, na mwanangu akashika saa ya simu. Ndoo inajaa kwa sekunde 13. Kipimo cha shinikizo juu ya vali kinaonyesha 0.7 bar, mchanga ukiwa mpya.

Nimebakiwa na maswali matatu. Ndoo yangu inaniambia ukweli? Mchanga wa mtoni, wa wajenzi, ulioogeshwa vizuri, ungefaa siku nitakapobadilisha? Na pampu nimeiweka kwenye kibao juu ya matofali, usawa wa ukingo wa bwawa, ili isilowe wakati wa mvua. Nimeona inachelewa kuvuta maji kila ninapoiwasha. Kuna ubaya?

Mzee wa Kamalondo

Sekunde 13 kwa lita 20 ni mita za ujazo 5.5 kwa saa. Mimi nimekubali. Kitu kimoja niongeze: jenereta yangu ya kilovolti-ampia 2 inaiwasha pampu ya namna hiyo bila kugugumia, ambapo ile ya nguvu farasi moja ya jirani inaizima kila mara, kwa maana mota inapoanza inadai umeme mara kadhaa ya ule inaoutumia ikishazunguka. Na volti zikishuka sana jioni, wakati mtaa mzima unapika, ni heri kuizima. Mota inayovumilia volti ndogo inavuta ampia nyingi na kujichoma yenyewe.

Fundi wa Kampemba

Ndoo inasema kweli, kwa kuwa uliuweka mdomo wa mpira usawa wa maji. Ungaliushusha chini, ungalipata namba ya kujidanganya. Mita za ujazo 5.5 juu ya eneo la 0.126 ni mwendo wa mita 44 kwa saa, na bwawa zima linapita kwa saa 3 na dakika 8 hivi. Linganisha pia na mchoro: 0.7 bar ni kama mita 7 za kimo, ongeza kidogo kwa ajili ya upande wa kuvuta, uone kama mstari unakupeleka karibu na 5.5. Vikikubaliana, kipimo chako cha shinikizo ni kizima. Kiandike hicho 0.7 kwa kalamu ya wino usiofutika ubavuni mwa tangi. Kikifika 1.0 au 1.1, ndiyo siku ya kuosha mchanga. Kabla ya hapo acha, maana mchanga wenye uchafu kidogo huchuja vizuri kuliko uliooshwa jana. Kuosha kwa dakika mbili kunakugharimu takriban lita 200. Zima pampu kila unapozungusha mkono wa vali, hata kama ni kwa hatua moja.

Mchanga wa wajenzi hapana, hata ukiuosha wiki nzima. Unaotakiwa ni wa silika, uliochekechwa, chembe zake zikiwa kati ya milimita 0.4 na 0.8. Wa mtoni una udongo na chembe za kila ukubwa: ndogo hupenya kwenye vidole vya chini, vile vibomba vyenye mianya vinavyokusanya maji chini ya mchanga, na kurudi bwawani, kubwa huacha mianya. Wala usisikie watu wakisema pampu ya 0.45 ni ya mifuko miwili ukadhani ujaze mifuko miwili ya kilo 40. Hayo ni maneno ya wauzaji wa Afrika Kusini kwa matangi yao, ambayo ni mapana kuliko lako. Wewe jaza mpaka theluthi mbili ya kimo cha tangi, uache juu nafasi ya mchanga kupanda unapooshwa.

Pampu ishushe chini. Hizi za mabwawa ya juu ya ardhi nyingi hazikuumbwa kujivutia maji. Zinategemea maji yazijie yenyewe kwa kuteremka. Nasi Lubumbashi tuko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, ambako shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya saba, hivyo pampu inayovuta kutoka chini inateseka huku kuliko Dar es Salaam. Iweke juu ya tofali moja tu, kando ya ukuta wa bwawa lakini mbali kidogo na mahali watoto wanapopandia ngazi, kisha uijengee kibanda cha bati chenye pande mbili wazi. Kabla ya kuifungua uhakikishe una vali kwenye mipira yote miwili. Ukifungua kikapu cha pampu iliyo chini ya usawa wa maji bila vali, bwawa zima litakufuata uani.